Oposamu na Siri ya Uzee

Katika bara la Amerika yuko mnyama mdogo wa usiku ambaye watu wengi humwona kuwa ni mchafu, mjinga na asiye na faida yoyote. Ukubwa wake ni kama wa paka. Uso wake ni mweupe na mdomo wake umechongoka. Masikio yake meusi hayana manyoya, na mkia wake mrefu ni mtupu kama wa panya. Usiku huzungukazunguka penye mapipa ya taka, na asubuhi mara nyingi huonekana kando ya barabara, amekwisha kupondwa na motokaa. Mnyama huyo huitwa oposamu, jina ambalo Waingereza wa kwanza waliohamia Virginia walilipata kwa wenyeji wa nchi ile, watu wa Powhatan, mwanzoni mwa karne ya 17.

Kwa muda mrefu habari zake nyingi zilikuwa uvumi mtupu. Lakini wataalamu walipoanza kumchunguza kwa subira, usiku baada ya usiku, waliona mambo ambayo hawakuyatazamia. Kubwa kuliko yote lahusu swali linalomgusa kila mtu aliyewahi kumwona mzazi wake akidhoofika: Je, kwa nini viumbe huzeeka, na kwa nini wengine huzeeka upesi na wengine polepole?

UMBO NA MAISHA YAKE

Ziko aina zaidi ya 100 za oposamu, na nyingi huishi Amerika ya Kusini na ya Kati. Anayejulikana zaidi ni oposamu wa Virginia, apatikanaye tangu Costa Rica hata kusini ya Kanada. Hula karibu kila kitu: matunda, wadudu, mayai, panya, nyoka, na hata mizoga. Kinywani mwake mna meno 50, nayo ni mengi kuliko ya mnyama mwingine yeyote wa nchi kavu anyonyeshaye katika Amerika ya Kaskazini. Mkia wake huweza kushika tawi, na kidole gumba cha mguu wa nyuma hukabili vidole vingine kama gumba la mkono wa mtu. Kwa hiyo ni hodari wa kupanda miti. Tena, sumu ya nyoka wengi wa Amerika walio wa jamii moja na kifutu, ambayo ingemwua mnyama mwingine wa ukubwa wake, haimdhuru kwa urahisi.

Lakini jambo linalomtenga na paka na panya ni mfuko. Oposamu ni wa jamii moja na kangaruu wa Australia, wanyama ambao jike hulelea watoto wake katika mfuko wa ngozi ulio tumboni. Afrika haina mnyama wa asili wa namna hiyo, wala Ulaya. Ndiyo sababu nahodha Vicente Yáñez Pinzón aliporudi Hispania mwaka 1500 na jike la oposamu kutoka pwani ya Amerika ya Kusini, Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella walistaajabu sana kuona mfuko ule.

JINSI WATOTO WANAVYOUFIKIA MFUKO

Mimba ya mbuzi hukaa miezi mitano. Mimba ya oposamu wa Virginia hukaa siku 13 hivi tu. Mtoto anapozaliwa ni mdogo kama nyuki, hana manyoya, macho yamefungwa, na miguu ya nyuma ni kama vijidutu. Watoto wapatao 20 huweza kuenea katika kijiko cha chai. Basi kiumbe dhaifu kama huyo hufikaje mfukoni?

Watu wa Amerika walikuwa na jibu la ajabu. Walidai kwamba jike huchukua mimba puani, kisha huwapuliza watoto wake mfukoni kwa pumzi. Wengine walisema kwamba mama huwaokota kwa midomo yake, mmoja mmoja. Mtaalamu Carl Hartman, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Texas, hakuridhika na maneno hayo. Alifuga oposamu, akakesha akiwangoja wazae, na mwaka 1920 akaandika yale aliyoyaona kwa macho yake. Mama hulamba tumbo lake tu. Watoto hupanda wenyewe. Kila mmoja hutumia mikono yake miwili midogo, iliyokwisha kuota kucha, akajivuta katika manyoya ya mama yake kama mtu aogeleaye, mpaka akaingia mfukoni na kushika chuchu.

Hapo ndipo mashindano makali yanapokuwako. Kwa kawaida mama ana chuchu 13: 12 zimepangwa kwa mviringo, na moja iko katikati. Watoto huweza kuzaliwa zaidi ya 20. Asiyepata chuchu hufa. Aliyepata huing'ang'ania kwa muda wa miezi miwili hivi. Baadaye hutoka na kubebwa mgongoni kwa mama, na akifika miezi mitatu au minne huanza kujitegemea. Kabla ya kutimiza mwaka mmoja, jike naye yu tayari kuzaa.

KIFO CHA UONGO

Oposamu akiguswa na mbwa au mbweha, na akose njia ya kukimbia, mara nyingi huanguka ubavu. Kinywa hubaki wazi, ulimi hutoka nje, mate hutiririka, na nyuma hutoka maji yenye harufu mbaya kama ya mzoga. Ukimgeuza, hageuki mwenyewe. Ukimwinua kwa mkia, hulegea. Hukaa hivyo dakika chache, na pengine hata saa kadhaa. Kisha masikio huchezacheza, kichwa huinuka, naye huenda zake.

Je, amezimia kweli, au yu macho? Swali hilo halikuweza kujibiwa kwa kumtazama tu. Mwaka 1964 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa kwa mitambo ya kupima mikondo ya umeme iliyo katika ubongo. Ilionekana kwamba ubongo wa oposamu aliye katika hali ile ni ubongo wa mnyama aliye macho kabisa. Hata hivyo yasidhaniwe kwamba ni mwerevu anayefanya mchezo. Hali ile humjia yenyewe, kama vile mtu ashtukavyo bila kukusudia.

HABARI YA KUPE

Wenye ng'ombe watapenda kujua habari nyingine. Mwaka 2009 wataalamu wa Marekani waliwafungia wanyama wa aina mbalimbali katika vizimba, wakawatia kupe wachanga kwa hesabu, kisha wakahesabu waliodondoka. Kwa oposamu, kupe wengi sana hawakuonekana tena. Ikadhaniwa kwamba aliwala alipokuwa akijilamba. Kutokana na hesabu hiyo ulienea usemi kwamba oposamu mmoja hula maelfu ya kupe kila msimu, na watu wengi wakaanza kumsifu kuwa ni josho litembealo.

Lakini kupe asiyeonekana si lazima awe kupe aliyeliwa. Mwaka 2021 wataalamu wengine walichapisha habari za kupasua matumbo ya oposamu 32 wa porini kutoka jimbo la Illinois na kuvitazama vyakula vilivyomo kwa hadubini. Hawakuona hata kupe mmoja. Basi sifa ile, kama ile habari ya pua, ilikuwa imekimbia mbele ya ushahidi.

MNYAMA AZEEKAYE UPESI

Sasa tufikie jambo lililo kubwa zaidi. Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa Marekani aitwaye Steven Austad alikuwa Venezuela pamoja na mwenzake Mel Sunquist. Walikuwa wakichunguza kama majike ya oposamu wanaolishwa vizuri huzaa madume mengi zaidi, na kweli waliopewa samaki kila mara walizaa madume kuliko majike. Katika kazi hiyo iliwapasa kuwanasa wanyama wale wale kila mwezi, kuwapima, kuwavisha ukanda wa shingoni wenye mtambo mdogo wa redio, na kuwaachilia.

Ndipo Austad alipoona jambo lililomshangaza. Jike aliyenaswa akiwa na nguvu na manyoya mazuri, akinaswa tena baada ya miezi michache tu, alikuwa kikongwe. Macho yalikuwa na mtoto wa jicho, viungo vilikuwa vimekakamaa, nyama za mwili zimepungua, na wadudu wamemjaa. Wengi hawakumaliza mwaka wa pili. Paka wa nyumbani, ambaye ukubwa wake ni ule ule, huweza kuishi miaka 15 na zaidi. Basi mnyama mwenye meno 50, anayestahimili hata sumu ya nyoka, hushindwa na uzee kabla ya kutimiza miaka mitatu. Kwa nini?

DUNGU NA NYUMBA YA MAWE

Jibu moja lilikuwa limekwisha kuandikwa vitabuni. Mwaka 1952 Peter Medawar wa Uingereza, na mwaka 1957 George Williams wa Marekani, walieleza maoni yanayoweza kufahamika kwa mfano huu.

Mtu ajengaye dungu la kuamia ndege shambani hatumii mawe na chokaa. Anajua kwamba mavuno yakiisha dungu halina kazi, na pengine mvua au tembo wataliangusha kabla ya hapo. Hutumia miti na majani, na nguvu zake zilizobaki huzitia katika kulima. Lakini ajengaye nyumba ya kurithiwa na wajukuu huchimba msingi na kuchagua mbao zisizoliwa na mchwa.

Mwili wa kiumbe nao ni hivyo, ijapokuwa hakuna fundi akaaye kupanga. Mahali ambapo wanyama wawindao ni wengi, karibu kila oposamu huliwa akiwa bado kijana. Urithi wa damu unaomwezesha kuzaa mapema na kwa wingi humfaa, naye huupitisha kwa watoto wake. Kasoro ambayo ingetokea mwilini akiwa na umri wa miaka mitatu haimpunguzii kizazi, kwa sababu ni wachache mno wanaofika umri huo. Hivyo kasoro za uzee hurithishwa bila kizuizi, kizazi kwa kizazi. Lakini hatari za nje zikipungua kwa muda mrefu, wenye miili idumuyo watazaa kwa miaka mingi zaidi, na kizazi chao kitaongezeka kuliko cha wale wazeekao upesi.

Hayo yalikuwa maoni. Ili kuyapima alitakiwa mnyama wa aina moja akaaye mahali pawili: pamoja penye maadui wengi, na pengine pasipo na maadui tangu zamani.

KISIWA CHA SAPELO

Austad alipata mahali hapo katika kisiwa cha Sapelo, kilicho kilomita chache kutoka pwani ya jimbo la Georgia. Kisiwa hicho wakazi wake wa kijiji cha Hog Hammock ni wazao wa Waafrika waliouzwa utumwani Amerika, ambao wamehifadhi lugha na desturi zao nyingi. Bahari ilikitenga kisiwa na bara kiasi cha miaka 4,000 au 5,000 iliyopita. Oposamu walibaki kisiwani, lakini paka-mwitu, mbweha na puma, ambao huko bara huwawinda, hawakuwako. Kwa oposamu, aliyeweza kuwa na kizazi kipya kila mwaka, miaka hiyo ni maelfu ya vizazi.

Kwa kulinganisha, alichagua oposamu wa bara karibu na mji wa Aiken katika jimbo la South Carolina. Mahali pote pawili kazi ilikuwa ile ile: kutega, kupima, kuvisha ukanda wa redio, kuachilia, na kufuata sauti ya redio mpaka mnyama apatikane tena, hai au mfu. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1993.

Oposamu wa bara waliishi wastani wa miezi 20. Wa kisiwani karibu miezi 25. Wa bara aliyeishi kuliko wenzake wote alifika miezi 31. Wa kisiwani alifika miezi 45. Tena oposamu wa kisiwani walizaa watoto wachache zaidi kwa mara moja, wastani wa watano au sita, na wa bara saba au wanane. Hivyo ndivyo maoni ya Medawar na Williams yalivyotazamia: aishiye salama hana haraka.

SWALI LA MWENYE SHAKA

Mtu mwenye akili angeweza kupinga. Angesema: "Bila shaka wa kisiwani wanaishi zaidi, kwa maana hawaliwi na paka-mwitu. Hilo si ajabu, wala halionyeshi kwamba wanazeeka polepole." Pingamizi hilo ni la haki. Askari asiyekwenda vitani huishi kuliko aendaye, lakini mvi zao huota sawasawa.

Kwa hiyo Austad hakutosheka na kuhesabu vifo. Alitazama mama waliofika mwaka wa pili wa kuzaa. Huko bara watoto wa mama hao walikua polepole kuliko wale wa mwaka wa kwanza, dalili ya kuwa mama amechoka. Huko kisiwani upungufu huo haukuonekana. Kisha akachukua nyuzi kidogo za kano za mkia. Kano hutengenezwa kwa kitu kiitwacho kolajeni, na mnyama azeekapo nyuzi zake hufungamana na kukakamaa, kwa hiyo huchukua muda mrefu zaidi kukatika zikining'inizwa uzito katika maji ya dawa. Kukakamaa huko hakutokani na kuliwa au kutoliwa na paka-mwitu. Ni saa ya mwili yenyewe. Nayo saa hiyo ilikwenda polepole zaidi kwa oposamu wa Sapelo kuliko kwa ndugu zao wa bara.

MASHAHIDI WENGINE

Je, kisiwa kimoja chatosha kuwa ushahidi? Hapana, na wataalamu wenyewe hawasemi hivyo. Lakini wako wanyama wengine wanaoelekea upande ule ule. Popo, ambaye mabawa humwepusha na maadui wengi, huishi miaka mingi sana kuliko panya wa ukubwa wake. Popo wengine wamepita miaka 30. Kobe, mwenye ngome yake mgongoni, huishi kuliko watu.

Na shahidi mmoja anatoka Kenya. Katika nchi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia yuko fuko asiye na manyoya, ambaye huishi chini ya ardhi, katika mashimo ambamo adui wachache tu huweza kuingia. Panya wa nyumbani huishi miaka mitatu hivi tu hata akitunzwa vizuri. Fuko huyo, ambaye ni mdogo kama panya, akitunzwa ameweza kuishi zaidi ya miaka 28, na kazi ya kumchunguza inaendelea katika nchi nyingi.

Hata hivyo si kila uchunguzi umekubaliana na huo wa Sapelo. Mwaka 2004 wataalamu waliowachunguza samaki wadogo wa mito ya kisiwa cha Trinidad, waitwao gapi, walieleza kwamba samaki waliotoka mahali penye maadui wengi hawakuzeeka upesi kuliko wengine. Kwa hiyo hatari ya nje si sababu pekee. Chakula, wingi wa wanyama mahali pamoja, na namna adui anavyochagua windo lake, yote huweza kuwa na sehemu yake. Maoni hayakuvunjika, lakini yamepata mipaka.

FUNDISHO LAKE

Habari hii haimpi mtu dawa ya kurefusha maisha, na atakayemwuzia mwenzake dawa kwa jina la oposamu ni mdanganyifu. Oposamu wa Sapelo hawakupata miezi yao ya ziada kwa kula mzizi fulani. Waliipata kwa vizazi vingi vya usalama, na hata hivyo hawakuepuka kufa.

Lakini lipo jambo lililobadilika katika fikira. Zamani watu wengi walidhani kwamba mwili huzeeka kama jembe liliwavyo na udongo, na kwamba mwendo wa kuchakaa umewekwa mara moja kwa kila aina ya mnyama. Kisiwa kile kimeonyesha kwamba ndani ya aina moja, katika miaka michache ya historia ya dunia, mwendo huo huweza kupungua. Kinachoweza kupungua chaweza kuchunguzwa, na kinachochunguzwa huenda siku moja kikaeleweka, ili wazee waishi miaka yao wakiwa na macho yaonayo na viungo visivyouma.

Na aliyelifungua swali hilo si simba wala tembo, bali mnyama wa mapipa ya taka. Wahenga walisema: Mdharau mwiba mguu huota tende. Waliomdharau oposamu walibaki na hadithi ya pua. Waliokesha naye, wakamhesabu na kumpima, walipata elimu.